Kutoka viungoni hadi mapafuni: maswali tunayoulizwa Lamu kuhusu pumzi na magonjwa ya tishu unganishi

Mimi ni tabibu, nafanya kazi Lamu mjini. Maswali haya nimeulizwa kazini, mengine barazani baada ya alasiri, na lile la piko, rangi nyeusi ya kujipamba, niliulizwa ndani ya boti la Mokowe huku maji yakiturukia. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Dozi sikuziandika, kwa sababu dozi ni ya mtu na daktari wake.

Tishu unganishi ni nini, na zinaingiaje mapafuni?

Ni nyuzi na nyama zinazoushikanisha mwili: zilizo ndani ya ngozi, viungo, kano na kuta za mishipa ya damu. Katika magonjwa haya kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, humgeukia mwenyewe. Yanayojulikana zaidi ni baridi yabisi ya kinga (rumatoidi athraitisi), lupasi, skleroderma inayokaza ngozi, ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo, na magonjwa ya kuvimba misuli. Pafu nalo limejaa nyuzi hizo hizo. Lina mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kuliko karatasi. Ukuta huo ukivimba kisha ukafanya kovu, hewa inaingia lakini oksijeni haipenyi vizuri kwenda kwenye damu.

Si baridi yabisi inatokana na baridi?

Jina ndilo linalotupotosha. Yabisi ni kavu, basi mtu hufikiri ni baridi iliyomwingia mifupani kwa kulala sakafuni au kuoga usiku. Kusi inaweza kukuzidishia maumivu, sikatai, lakini haikuleta ugonjwa. Tena huku pwani kila goti linalouma tunaliita baridi yabisi, pamoja na goti la mzee lililochakaa kwa umri, ambalo haliendi mapafuni kamwe. Ninayoizungumzia ni ile inayovimbisha viungo vidogo vya mikono yote miwili, na asubuhi vidole vinakuwa vizito saa nzima, hata kufunga kifungo cha kanzu ni kazi. Haiambukizi. Wala si jini.

Nitajuaje kama mapafu yameguswa?

Bibi mmoja aliletwa na binti yake. Viungo vilikuwa vikimuuma kwa miaka sita. Nyumba yao ni ya mawe, ya kale, na jiko liko juu kabisa, kwenye kidari cha meko. Kwanza akawa anapumzika kati ya ngazi. Halafu akawa anapandisha vitu kwa kikapu na kamba, wajukuu wanavuta juu, wanacheka. Mwisho akanunua jiko la gesi akaliweka chini, na nyumba nzima ikasema mama amezeeka. Alikuwa na miaka 51. Hakuna aliyesema hapumui vizuri, hata yeye mwenyewe, kwa kuwa alishaacha kila kitu kilichokuwa kikimkata pumzi. Ukimuuliza, “Unapumua vizuri, mama?” alijibu, “Alhamdulillahi.”

Tangu siku hiyo siulizi hivyo. Nauliza: mwaka jana ulikuwa ukifanya nini ambacho sasa umekiacha?

Dalili nyingine ni kikohozi kikavu kisichokwisha wiki kadhaa, uchovu usiolingana na kazi uliyofanya, na ncha za vidole kuvimba na kuwa za mviringo. Daktari akisikiliza mgongoni, sehemu ya chini, husikia mlio kama wa kubandua kibandiko cha sandali za watoto. Lazima asikilize mgongoni. Na kusikiliza juu ya buibui ni kusikiliza kitambaa. Omba mhudumu mwanamke ukipenda, lakini usiondoke bila kusikilizwa.

Kuna wachache ambao mapafu hutangulia, viungo na misuli vikafuata baadaye. Katika aina moja ya ugonjwa wa misuli, mgonjwa huja na pumzi fupi na pande za vidole zimekauka na kupasuka kama za fundi wa jahazi, ilhali hajawahi kushika randa. Mikono hiyo ni dalili, si ukosefu wa mafuta ya kujipaka.

Nimeambiwa ni TB. Nitajuaje kama ni hiyo au ni haya makovu?

Inaweza kuwa TB kweli. Kifua kikuu tunacho, na anayetumia dawa za kupunguza kinga yumo hatarini zaidi kuliko jirani yake. Kwa hiyo jibu ni kupima, si kubahatisha: makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta vinasaba vya bakteria na kuonyesha pia kama dawa ya rifampisini itamfanyia kazi. Vituo vya serikali hupima TB na kutibu bila malipo.

Shida huja pale makohozi yanapokuwa safi, au hakuna makohozi kabisa, na mtu anaanzishiwa dawa kwa picha ya eksirei tu. Nami nimo katika wenye kosa hilo. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwanzishia mvuvi mmoja dawa za TB. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, makohozi hakuwa nayo. Miezi sita alimeza bila kukosa siku, na pumzi ikazidi kupungua. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekaza inang'aa, hawezi kukunja ngumi, na mdomo umekuwa mdogo hata kijiko kikubwa hakiingii. Yote yalikuwa mbele ya macho yangu. Nilikuwa nikitazama picha, sikumtazama mtu.

Basi ukiwa umemaliza dawa za TB na huoni nafuu, kabla ya kuanza duru ya pili mwambie daktari kwa mdomo wako: “Nina kikohozi, na pia viungo vyangu vinavimba asubuhi.” Au vidole hubadilika rangi. Au macho makavu. Yaseme pamoja, kwa siku moja, kwa mtu mmoja. Wengi huenda na kifua kwa huyu na magoti kwa yule, na hakuna anayeviona vyote viwili.

Eksirei imetoka safi. Mbona natumwa Mombasa kupigwa CT?

Eksirei ni kivuli cha kifua kizima kwenye picha moja, na makovu machanga hujificha humo. CT hukata picha nyembamba, za milimita 1 hivi, na hapo ndipo yanapoonekana. Kwa kazi hii kwa kawaida hakuna haja ya kuchomwa sindano ya dawa ya rangi. Kabla hujapanda basi, hakikisha barua imeandikwa wazi kwamba kinachotafutwa ni makovu ya mapafu. Ukifika na barua ya “CT ya kifua” tu, unaweza kupigwa aina nyingine na kurudi bila jibu.

Kipimo cha pili ni kupuliza ndani ya mashine, spirometria, kuona mapafu yanabeba hewa kiasi gani. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi. Thamani yake iko katika kurudia kila baada ya miezi kadhaa na kulinganisha. Cha tatu ni eko ya moyo, kuangalia kama shinikizo la mishipa ya mapafu limepanda.

Picha zako ni mali yako. Omba CD pamoja na ripoti, na iweke pasipofika maji ya chumvi. Mgonjwa wangu mmoja husafiri na zake ndani ya ndoo ya kifuniko. Tulimcheka, lakini CD yake ndiyo pekee iliyofunguka.

Kila mwenye ugonjwa huu atapata shida ya mapafu?

La. Na hazifanani. Kwenye skleroderma makovu ni jambo la kawaida sana, zaidi ya nusu ya wagonjwa huonekana nayo kwenye CT, na mapafu ndiyo yanayoongoza kuua katika ugonjwa huo. Kwa hiyo kila mwenye skleroderma apigwe CT mwanzoni hata kama anakimbia. Kwenye baridi yabisi ya kinga, makovu yanayoleta dalili humpata takriban mtu 1 kati ya 10, hasa wanaume, wenye umri mkubwa na wavuta sigara. Lupasi mara nyingi hushika utando unaolizunguka pafu: maumivu ya kuchoma ukivuta pumzi, wakati mwingine na maji kifuani. Huo hutibika vizuri kuliko makovu.

Nikishika barafu ya samaki vidole vinakuwa vyeupe, kisha buluu. Kifua kinahusika vipi?

Huu ndio wanaouita ugonjwa wa Raynaud: mishipa midogo ya vidole hujifunga kwa baridi. Watu hushangaa kuuona kwenye joto letu, lakini wauza samaki huchota barafu alfajiri, na mwezi wa Julai kusi si mchezo. Wengi wenye vidole hivi hawana ugonjwa wowote mwingine. Lakini ukiuanza ukubwani, ukiwa na vidonda kwenye ncha za vidole, ngozi inayokaza au kiungulia kisichokwisha, fikiria skleroderma, na mapafu yachunguzwe. Barafu ichote kwa bakuli, na vaa glavu. Sigara iache, maana hufunga mishipa hiyo hiyo.

Nina kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni. Nikiwa na hina au piko kinasoma kweli?

Hina nyekundu kwa kawaida haina neno. Piko nyeusi ndiyo huzuia mwanga na kukifanya kikosee au kisisome kabisa. Weka kidole kisichopakwa, na bibi harusi aliyepakwa vyote apimwe kwenye ndewe ya sikio kwa kifaa cha sikio. Kidole kilicho baridi nacho hudanganya, kipashe moto kwanza. Na kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: vifaa hivi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo ukihisi pumzi imekwisha na kidude kinasema 94, kiamini kifua chako.

Huku usawa wa bahari, aliyepumzika anafaa kuwa 95 au zaidi. Jipime umekaa, kisha tembea dakika chache au panda ngazi, ujipime tena. Kushuka kwa alama 4 au zaidi ni habari ya kumpelekea daktari hata kama umekaa uko sawa. Chini ya 90 umepumzika, nenda hospitali leo.

Nimesoma kwamba methotreksati inaharibu mapafu. Nimeiacha.

Rudi kwa aliyekuandikia. Ni kweli dawa hii ya viungo, inayotuliza kinga, inaweza kuleta uvimbe wa ghafla wa mapafu, homa na kikohozi, mara nyingi katika miezi ya mwanzo, lakini ni nadra. Kwa upande mwingine, viungo vikiachwa viwake, kinga inayowasha viungo ndiyo hiyo hiyo inayofika mapafuni. Mwenye makovu tayari anahitaji daktari aamue naye kama aendelee nayo au abadilishiwe.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni jingine: methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Mara moja. Kuna watu huimeza kila siku kama dawa ya presha, na huishia na vidonda vya mdomo na damu iliyopungua hadi kufa. Chagua siku, iandike kwenye boksi, na kila mtu nyumbani aijue.

Dawa zipi hutumika, na je, hupona?

Kovu lililokwisha kukomaa halifutiki. Tunachopigania ni pafu lililobaki, na hilo linawezekana kwa watu wengi. Mikofenoleti, dawa ya kushusha kinga, ndiyo inayoanza mara nyingi siku hizi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 uliilinganisha na siklofosfamidi kwa mapafu ya skleroderma. Matokeo yalikaribiana, na mikofenoleti ikawa na madhara machache. Zipo pia azathioprini, rituksimabu na tosilizumabu. Nintedanibu, iliyoidhinishwa Marekani 2019 kwa mapafu ya skleroderma, haigusi kinga. Hupunguza kasi ya kovu jipya, na huharisha wengi. Zote hizi si rahisi kwa mfuko, na wataalamu wa viungo nchini ni wachache, wengi wao Nairobi. Shughulikia michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hujahitaji. Kadi ya NHIF, bima ya zamani, ilimaliza kazi yake Oktoba 2024.

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, ni kisu cha pande mbili. Katika lupasi na magonjwa ya misuli huokoa maisha. Katika skleroderma dozi kubwa inaweza kuangusha figo ghafla pamoja na presha ya hatari, na mwongozo wa wataalamu wa viungo wa Marekani wa 2023 unakataza kuanza nayo kutibu mapafu ya skleroderma. Usiinunue dukani bila barua. Na ukiwa umeitumia wiki nyingi, usiikate siku moja, hushushwa polepole.

Kwa nini nimepewa Septrin? Watu watasema nina UKIMWI.

Najua. Kwetu kidonge hicho kina jina lake mtaani. Kazi yake hapa ni kuzuia aina ya nimonia inayowavamia walioshushwa kinga kwa dawa nzito, basi. Vihamishie kwenye chupa nyingine ukiona haya, na uandike jina juu yake. Ila kama unatumia methotreksati, mwambie daktari kabla ya kumeza Septrin ya namna yoyote, hata ile ya kununua kwa kikohozi: mbili hizo pamoja zinaweza kuzima utengenezaji wa damu.

Ramadhani nifanyeje?

Muulize daktari wako mwezi wa Shaabani, si usiku wa kuandama. Dawa za mara mbili kwa siku mara nyingi hupangika futari na daku. Anayetumia oksijeni, anayekosa pumzi akiwa amekaa, au aliyeanzishiwa dawa nzito karibuni, ana udhuru wa mgonjwa. Sheikh yeyote wa mtaani atakwambia hivyo.

Linalonisumbua mimi ni daku yenyewe. Skleroderma hulegeza mrija wa chakula, na asidi hupanda. Mtu anakula akashiba, anaswali, analala chali. Matone ya asidi yanateleza hadi mapafuni usiku baada ya usiku. Kula kidogo, kaa saa mbili au tatu kabla ya kulala, na inua kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao, kiasi cha shibiri. Mito miwili haitoshi, hukunja tumbo tu.

Ubani na udi?

Moshi ni moshi. Chetezo kikiwa chumbani umefunga dirisha, pafu halijui kama ni udi au ni kuni za mikoko. Sikwambii uvunje mila ya nyumba: fukiza nguo, wewe ukiwa nje, kisha fungua madirisha. Kuni na mkaa vina madhara zaidi kuliko chetezo kwa kuwa ni vya kila siku. Sigara na shisha sina la kupunguza, acha.

Habasoda, asali, tangawizi?

Kama chakula, kula. Tatizo ni zile chupa zisizo na lebo za “dawa ya viungo” zinazoondoa maumivu kwa siku mbili. Inayofanya kazi haraka hivyo nashuku ina steroidi ndani. Ilete tuione.

Naweza kushika mimba?

Wengi huweza, ikipangwa. Mikofenoleti, methotreksati na siklofosfamidi hudhuru mtoto tumboni, kwa hiyo hubadilishwa wiki au miezi kadhaa kabla. Azathioprini na haidroksiklorokwini kwa kawaida huendelea. Anayeambiwa ana shinikizo kubwa la mishipa ya mapafu, mimba kwake ni hatari ya kufa, na hilo lazima mume alisikie pia, ikiwezekana kutoka kwa daktari na si kwa mke peke yake.

Mbona nikifika Nairobi nazidiwa?

Umetoka usawa wa bahari ukapanda takriban mita 1,700. Oksijeni huko ni kidogo katika kila pumzi. Ndani ya ndege hali huwa kama mlimani zaidi ya hapo. Kama unashuka chini ya 92 ukiwa Lamu, mwambie daktari kabla hujakata tiketi ya ndege ya Manda. Na usishangae kipimo cha oksijeni cha Nairobi kikiwa chini kuliko cha nyumbani. Mwambie mtaalamu unatoka wapi.

Chanjo?

Ya homa ya mafua, ya nimonia na ya Korona, ndiyo. Zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, hapana ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga, mpaka daktari aseme.

Nikae tu nisijichoshe?

Hapana. Misuli isiyotumika hula oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Tembea ufukweni alfajiri au jua likipunga, hadi upumue kwa nguvu lakini bado uweze kumaliza sentensi. Pumzika, endelea.

Lini nisisubiri asubuhi?

Pumzi ikikatika ghafla, ukikohoa damu, midomo ikigeuka buluu, homa ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga, au mguu mmoja kuvimba pamoja na maumivu ya kifua, kwani huenda damu imeganda. Wa Lamu mjini aende hospitali ya King Fahd wakati huo huo, kwa punda, kwa mkokoteni, kwa kubebwa. Walio Pate, Siyu na Faza wahesabu maji kabla ya saa. Mkanda, mlango wa maji kati ya Manda na bara, haupitiki yakipwa, na aliyengoja kuona kama atapata nafuu hadi bamvua lishuke atalazimika kuzungukia nje ya Manda, kwenye bahari kuu, akiwa na pumzi nusu. Uliza nahodha maji yanajaa saa ngapi mara tu dalili inapoanza, na dawa zako zote ziingie botini pamoja nawe.